Nani Kaosha Pipa

Kiwanda cha Thackray kilifungwa mwaka nilioolewa.
Kisima chake sasa kimelala chini ya maegesho ya duka kubwa,
watu wanasukuma vitoroli juu ya maji
yaliyokuwa bia chungu ya bonde zima.

Kanuni yake haikuandikwa popote. Au iliandikwa, ikachomwa.
Nilicho nacho ni makisio ya walevi wenye kumbukumbu,
lebo moja iliyobanduka nusu,
na ulimi wa baba yangu, Horace Tansley,
mwosha mapipa, miaka thelathini na mmoja.

Basi Jumamosi, gerejini,
kati ya baiskeli ya Desmond na mashine mbovu ya kukata nyasi,
naloweka kimea: kilo nne na robo ya kile cheupe,
gramu mia mbili za kile kilichokaangwa hadi kikanukia biskuti.
Nyuzi sitini na sita. Zikipanda, bia itakuwa nzito kama uji;
zikishuka, itakuwa nyepesi kama ahadi.
Naifunika sufuria kwa blanketi la mwanangu aliyehamia Cardiff,
nakaa juu ya ndoo, nasikiliza mvua.

Maji yetu ya bomba ni laini, yanashuka kutoka mabwawa ya milimani,
hayana neno. Ya Thackray yalikuwa na jiwe ndani yake.
Natia jasi, kijiko, kisha nusu kijiko,
nayafundisha maji ya bomba lafudhi ya kisima.

Yakichemka natupia hopsi za Kent.
Inapanda harufu ya nyasi, ya maganda ya chungwa,
ya kanisa lililofungwa muda mrefu.
Bi. Pickersgill wa jirani anafunga dirisha lake
kwa kishindo anachotaka nikisikie.

Halafu kungoja. Hamira haipendi kuchunguliwa.
Chini ya ngazi, ndani ya dumu, wiki nzima:
kipovu kimoja, kimya, kipovu kingine,
kama mtu anayekumbuka jambo kwa vipande.

Nakala ya kwanza nilimpelekea Februari, chupa ndani ya soksi.
Makao ya wazee hayaruhusu, ila Bernadette wa zamu ya mchana
anajua kutazama kwingine.
Baba hanijui siku hizi. Ananiita Muriel, dada yake.
Akaonja. "Sabuni," akasema, akarudia dirisha lake.

Ya pili, Aprili. Nilipunguza hopsi, nikaongeza sukari ya kuunguza.
Akaimaliza, akafuta masharubu.
"Nzuri. Ya watu wa Leeds hii."
Kwetu hilo ni tusi.

Ya tatu, Juni. Rangi ya shaba, povu la upana wa kidole.
Akanusa. Akaiinua kwenye mwanga. Akanywa, akanyamaza
hata Bernadette akaacha kukunja shuka.

"Nani kaosha pipa?"
"Mimi, baba."
"Umeosha mno."

Kisha akacheka, meno yote manne.
Kwamba Ijumaa basi la mwisho lilipita saa kumi na moja na robo,
na mapipa yamebaki hamsini,
na wao ni wawili tu, yeye na Wilf Ogden,
na maji yanauma vidole kama mbwa.
"Tunayasuuza mara moja, Muriel, tunayapiga kofi, tunayaviringisha.
Usimwambie bwana Thackray."

Harusi ngapi. Matanga mangapi.
Wazee wakigonga meza, wakiapa kwamba siri ni kisima,
hapana, siri ni shayiri ya shamba fulani,
na kwamba ya Jumatatu, sijui kwa nini, huwa tamu zaidi.

Daftari langu lina safu ya maji, ya kimea, ya hopsi, ya joto.
Usiku nimechora nyingine ukingoni, bado haina jina.
Ndani yake nimeandika:
suuza mara moja. Wahi basi.